Dawa ya goti inaniunguza tumbo: nikihamia sindano nitakuwa salama?

*"Habari za kazi. Nina miaka 52. Goti la kulia limenisumbua kwa muda mrefu, niliambiwa gegedu limesagika. Kwa wiki 3 sasa nameza ibuprofeni ya miligramu 400 mara 3 kwa siku, na kila mara nakula kwanza. Goti limepata nafuu, lakini tangu wiki iliyopita tumbo linawaka moto hapa kwenye chembe cha moyo, zaidi usiku. Nikinywa maziwa linatulia, halafu linarudi. Rafiki yangu ananishauri nihamie diklofenaki, tena ya sindano, ili dawa isipite tumboni. Nameza pia aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku, niliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo. Je, nimeshapata vidonda vya tumbo? Na goti nilifanyeje?"*

Nianze na yasiyosubiri. Ibuprofeni iache leo. Diklofenaki usiianze, iwe kidonge au sindano. Aspirini, kama hujaona dalili yoyote ya damu, endelea nayo na umwone daktari wako wiki hii hii. Usiikatize kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu mtu aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo akiiacha ghafla anaweza kupata donge la damu lile lile alilokuwa anakingwa nalo. Na kama choo chako kimegeuka cheusi ti, au umetapika kitu chenye damu, acha kusoma hapa uende hospitali. Maelezo yatakusubiri.

Sasa tuzungumze. Swali lako lina imani moja ambayo mimi mfamasia naisikia kwenye dirisha la duka la dawa kila siku, na ndiyo inayowaumiza watu wengi: kwamba kidonge kinaunguza tumbo kwa kuligusa, kama kaa la moto linavyounguza mkeka. Ukiamini hivyo, mengine yote yanafuata yenyewe. Utakula kwanza ili chakula kikinge. Utakunywa maziwa ili yazime. Utatafuta kidonge chenye ganda gumu lisiloyeyuka tumboni. Mwisho utachomwa sindano ili tumbo lirukwe kabisa. Mantiki inapendeza, ila imejengwa juu ya msingi usio wenyewe.

Tumbo lako limejaa asidi kali, yenye nguvu ya kuvunjavunja nyama. Jiulize kwa nini basi haivunji nyama ya tumbo lenyewe. Sababu ni kwamba ukuta wa ndani umepakwa ute mzito, na ndani ya ute huo mna bikaboneti inayoua makali ya asidi kabla haijafika kwenye ngozi ya tumbo. Chini yake damu inapita kwa wingi, inaleta chakula na kuondoa taka, na seli za juu zinazochakaa zinabadilishwa na mpya kila baada ya siku chache. Kazi yote hiyo, yaani utoaji wa ute, wa bikaboneti na mtiririko wa damu, inaongozwa na kemikali ambazo mwili unazitengeneza wenyewe, ziitwazo prostaglandini.

Prostaglandini hizo hizo, zikitengenezwa kwenye goti lililoumia, ndizo zinazoleta uvimbe na kuzidisha maumivu. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na ndugu zake hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe, na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya kemikali hizo. Yaani aspirini ilikuwa imeuzwa tangu 1899 na watu wanaimeza miaka zaidi ya 70 bila kujua hasa inafanyaje kazi. Ugunduzi huo ulifafanua mambo mawili kwa mpigo: kwa nini goti linatulia, na kwa nini tumbo linalalamika. Ibuprofeni ikishaingia kwenye damu haijui goti liko wapi. Inazima prostaglandini za goti, na ikipita tumboni inazima za tumbo. Ute unapungua, damu inapungua, na asidi iliyokuwepo siku zote inakuta ukuta hauna ulinzi.

Kwa hiyo dawa inalidhuru tumbo kwa kupitia damu. Sindano ya diklofenaki inaingia kwenye damu, tena haraka. Ile ya kuweka njia ya haja kubwa nayo inaishia kwenye damu. Ganda gumu linachelewesha tu mahali pa kuyeyukia. Nisiseme uongo: mguso wenyewe upo, dawa hizi nazo ni asidi dhaifu na zinaweza kukwaruza ngozi ya tumbo zinapoyeyuka hapo. Huo mkwaruzo ndio chakula kinaoupunguza, na ndiyo maana mtu akila kwanza anasikia nafuu. Lakini kusikia nafuu na kutopata kidonda ni mambo mawili tofauti. Maziwa ndiyo kabisa: yanapoza kwa muda mfupi, kisha protini na kalisi zilizomo zinaliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Nadhani ndicho unachokiona usiku.

Na vile vidonge vya kutafuna vya kupunguza asidi, ambavyo hujavitaja ila nina hakika umeshavifikiria? Vinatuliza moto. Havijengi tena ule ulinzi ulioondolewa. Hatari yake ni kwamba vinanyamazisha kengele huku nyumba inaendelea kuungua, na mtu anaendelea na ibuprofeni wiki nyingine tatu akidhani ameelewana nayo.

Diklofenaki aliyokushauri rafiki yako ina tatizo la ziada kwako wewe hasa. Ni ya ukoo ule ule wa ibuprofeni, kwa hiyo kwa upande wa tumbo hujapiga hatua. Kwa upande wa moyo umerudi nyuma: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilielekeza isitumike kwa watu wenye ugonjwa wa moyo uliokwisha kujulikana, kwa sababu inaongeza uwezekano wa mishipa kuziba. Mtu anayemeza aspirini kwa ajili ya moyo, halafu anachomwa diklofenaki kwa ajili ya goti, ni kama anayefunga mlango wa mbele na kuuacha wa nyuma wazi.

Aspirini yenyewe sasa. Wengi wanaiona miligramu 75 kuwa kitu kidogo kisichohesabika. Kwa maumivu, kweli haihesabiki. Kwa tumbo inahesabika sana, maana hata dozi hiyo inagusa prostaglandini za tumbo, na pia inazilemaza chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba mahali palipochanika. Chembe sahani iliyoguswa na aspirini haipati tena nguvu yake mpaka ife na nyingine izaliwe, na inaishi kama siku 7 hadi 10. Kwa hiyo ukiongeza ibuprofeni juu ya aspirini unapata tumbo lenye ulinzi mdogo, na damu isiyoganda upesi endapo kidonda kitatokea. Hatari ya mbili pamoja ni kubwa kuliko ya kila moja peke yake.

Kuna na jambo jingine ambalo pakiti nyingi hazilitaji kwa herufi kubwa. Ibuprofeni inaweza kuiharibia aspirini kazi yake. Zote mbili zinakaa kwenye kiti kimoja ndani ya chembe sahani. Ibuprofeni ikiwahi kukaa, aspirini inakuta kiti kina mtu, inaondoka, na wewe unabaki unaamini moyo umekingwa. Ndiyo maana anayelazimika kutumia zote, na aspirini yake ni ya kawaida isiyo na ganda, huelekezwa ameze ibuprofeni angalau dakika 30 baada ya aspirini, au saa 8 kabla yake. Kwa mtu anayemeza ibuprofeni mara 3 kwa siku, kama wewe, nafasi hizo hazipatikani kirahisi. Hili mwambie daktari wako wa moyo, hata kama tumbo litakuwa limepona siku utakayomwona.

Umeuliza kama umeshapata vidonda. Sijui, na hakuna atakayejua kwa kusikiliza tu unavyolieleza tumbo. Wapo wanaowakwa na moto kila usiku, wakipitishwa kamera tumboni hawakutwi na kidonda. Wapo waliokula na kulala vizuri, hawajawahi kulalamika, na dalili yao ya kwanza ikawa kutapika damu. Wazee zaidi, na dawa yenyewe inaweza kutuliza maumivu ya kidonda ilichokisababisha. Kwa hiyo kuwaka kwako nakuchukulia kama onyo uliloletewa mapema. Wengine hawaletewi.

Na kuna uwezekano ambao sitaki uupite. Mtu mwenye matatizo ya moyo anayesikia kitu kwenye chembe cha moyo asikimbilie kuamini ni tumbo. Kama hali hiyo inakuja unapotembea au kupanda ngazi na kuisha ukipumzika, kama inaambatana na jasho jembamba, kukosa pumzi, au inasambaa mkononi au kwenye taya, hiyo si kazi ya mfamasia wala ya maziwa. Nenda kwenye dharura saa hiyo hiyo.

Daktari atakapokuona, jambo moja atakalotaka kulijua ni kama una bakteria anayeitwa *Helicobacter pylori*. Huyu anaishi kwenye ute wa tumbo, watu wengi wanaye bila kujua, na akikutana na dawa hizi nafasi ya kupata kidonda inapanda. Barry Marshall wa Australia aliwahi kunywa mchuzi wa bakteria hao mwaka 1984 ili awashawishi wenzake kwamba wanaliumiza tumbo. Aliugua kweli, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Wewe huna haja ya ushujaa huo. Kipimo ni cha pumzi au cha choo. Ila kina sharti: ukishaanza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, bakteria hupungua na kipimo kinaweza kudanganya, hivyo kwa kawaida dawa hiyo husimamishwa wiki 2 kabla ya kupima, na antibayotiki wiki 4. Kwa hiyo kama unaweza kupima siku hizi hizi kabla hujameza chochote cha kupunguza asidi, umejiokolea usumbufu. Kama moto ni mkali, usiteseke kwa ajili ya kipimo. Daktari ataamua kipi kianze.

Omeprazoli ndiyo huenda ukaandikiwa. Inafunga mitambo inayotoa asidi, tofauti na vidonge vya kutafuna ambavyo vinapambana na asidi iliyokwisha kutoka. Imeze asubuhi, kama nusu saa kabla ya kula, kwa sababu inafanya kazi vizuri mitambo inapokuwa ndiyo inataka kuwaka. Wengi wanaimeza wakishashiba au wakati wa kulala, halafu wanasema haifai. Kama kidonda kipo, tarajia kama wiki 8 za dawa kwa kidonda cha tumboni, hata kama moto umezimika wiki ya kwanza. Na kama daktari ataona aspirini lazima iendelee, anaweza kukuachia omeprazoli iende nayo sambamba. Ulinzi wake lakini unaishia sehemu ya juu. Utumbo mwembamba wa chini hauna asidi ya kupunguzwa, na dawa hizi za maumivu zinauchubua pia, taratibu, mpaka mtu anagundulika ana upungufu wa damu usioeleweka ulikotoka.

Goti sasa, maana najua linauma na mahubiri hayalitulizi. Chaguo la kwanza ninalolipenda kwa goti ni la kupaka. Jeli ya diklofenaki. Utashtuka: si nimetoka kukukataza? Nimekukataza iliyojaa kwenye damu. Ya kupaka inapenya ngozi ya goti na kufanya kazi papo hapo, na inayofika kwenye damu ni sehemu ndogo sana ya ile ambayo kidonge kingepeleka. Kwa goti na viganja, ambapo kiungo kiko karibu na ngozi, inasaidia watu wengi. Kwa nyonga, iliyozama ndani, usitegemee. Paka kwa kipimo kilichoandikwa, nawa mikono, na ipe wiki moja au mbili kabla ya kuihukumu. Kwa sababu ya moyo wako, itaje kwa daktari nayo.

Paracetamoli haigombani na tumbo kwa namna hii, maana haizimi prostaglandini za tumbo kwa kiwango cha kuleta madhara. Lakini nikuambie ukweli: kwa goti lililosagika inasaidia kidogo, na watu waliozoea ibuprofeni huiona kama maji. Ukiitumia, vidonge 2 vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, acha angalau saa 4 hadi 6 kabla ya vingine, na usizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Pungufu ya hapo kama una uzito chini ya kilo 50, una ugonjwa wa ini au unakunywa pombe sana. Ikizidishwa, shida kubwa si tumbo. Inaua ini, na kwa siku moja ya mwanzo mgonjwa anaweza kujiona mzima.

Kuna selekoksibu, dawa nyingine ya maumivu iliyotengenezwa ili iwe mpole kwa tumbo, na kwa watu wengine ni jibu zuri. Kwako siioni. Aspirini ikiwa pembeni, sehemu kubwa ya upole huo inapotea, na moyo nao una neno la kusema: ndugu yake, rofekoksibu, aliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya mishtuko ya moyo na kiharusi.

Dawa iliyosahaulika ni misuli ya paja. Kaa kwenye kiti, nyosha mguu wenye goti bovu mpaka ulale sawa na kiti, kaza paja, hesabu mpaka 5, ushushe polepole kuliko ulivyoupandisha. Rudia mara 10, asubuhi na jioni. Siku za kwanza utahisi goti linalia, na maumivu madogo yanayoisha hayana shida. Yanayobaki mpaka kesho yake yanakuambia umezidisha. Paja likipata nguvu linabeba mzigo uliokuwa unaangukia kwenye gegedu. Na kilo chache zikipungua, kama zipo za kupungua, goti linajua kabla ya mizani.

Kabla hujanunua chochote kingine, pindua pakiti. Kuna mama alinimwagia mezani mfuko wa dawa zake, analalamika tumbo. Kifuko chekundu alisema cha mgongo, cha buluu cha kichwa, na vidonge vya manjano vya mafua. Nikatafuta yale maandishi madogo ya nyuma ambayo hata mimi nayasoma kwa kusogeza miwani. Ibuprofeni. Ibuprofeni. Ibuprofeni. Ukijumlisha, alikuwa anafika miligramu 2,400 kwa siku, wakati mtu anayejinunulia bila cheti hatakiwi kupita 1,200, wala kuendelea zaidi ya siku 10 bila kumwona daktari. Yeye alijua anatumia dawa tatu za magonjwa matatu. Wewe dozi hukuizidisha, siku ndizo ulizozizidisha. Mafua yakikubana wiki ijayo usije ukairudisha ibuprofeni kwa mlango huo, wala kuongeza aspirini nyingine iliyojificha kwenye vidonge vya kichwa.

Nirudie dalili za kukimbia nazo hospitali, mchana au usiku: choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu isiyo ya kawaida (vidonge vya madini ya chuma navyo vinageuza choo kuwa cheusi, lakini hakinati wala kunuka hivyo), kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, kizunguzungu unaposimama, moyo kwenda mbio, weupe wa viganja, maumivu makali ya ghafla na tumbo kukakamaa kama ubao. Usimeze chochote kwanza ili uone kama kitapungua. Dalili za kumwona daktari bila kuchelewa, hata moto ukizimika, ni kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama unapomeza, au kutapika mara kwa mara.

Siku ya kwenda kwa daktari beba pakiti zote, hata zilizoisha, za duka na za hospitali, na mwambie ni lini ulimeza ibuprofeni ya mwisho. Kama mtaelewana kuhusu jeli na omeprazoli, muulize pia lini aspirini ipitiwe upya: kwa nini uliandikiwa, na kama sababu hiyo bado ipo.